Chupa ya Soda Isiyo na Soda

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa ninaouzungumzia leo umo majumbani mwetu hapa Mtwapa: chupa ya soda iliyotiwa mafuta ya taa na kuwekwa kando ya jiko. Mtoto mwenye kiu haulizi. Huiona chupa aijuayo, akapiga funda.

Linalosikitisha zaidi ni msaada unaofuata. Jirani humtia mtoto kidole kooni ili atapike, akidhani anamwokoa. Kumbe mafuta hayo ni mepesi na huteleza. Yakipanda kooni mara ya pili huingia katika njia ya pumzi na kuyaunguza mapafu. Mapafu yakishindwa, moyo na ubongo hukosa oksijeni.

Petroli nayo ina balaa yake. Kemikali zake zikifika katika damu huufanya moyo kuwa mwepesi wa kushtuka, hata mapigo yakavurugika. Fundi anayeivuta kwa mdomo kwa mpira wa maji na alizingatie hilo.

Adui wa figo ni dawa ya kupozea injini, yenye ethilini glaikoli, kemikali itokanayo na mafuta au gesi ya ardhini. Ladha yake ni tamu. Aliyeinywa huonekana kama mlevi, lakini ini huigeuza kuwa asidi, fuwele zikakwama katika figo, na baada ya siku moja hadi tatu figo zaweza kuzimika. Kemikali hiyo na nduguye, diethilini glaikoli, zilipatikana katika dawa za kikohozi zilizohusishwa na vifo vya watoto zaidi ya 60 nchini Gambia mwaka 2022.

Sisemi kwamba wazazi ni wazembe. Anayenunua mafuta ya shilingi chache huja na chupa aliyo nayo. Hata hivyo, muuza duka aweza kuikataa chupa ya kinywaji, na mzazi akatenga dumu lenye kifuniko.

Walimu wa sayansi, somo hili halihitaji maabara. Wafundisheni wanafunzi kwamba aliyekunywa asitapishwe; avuliwe nguo zilizolowa, atulizwe, apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe, hata akionekana mzima. Nawe mwanafunzi, ufikapo nyumbani jioni, itafute chupa hiyo kabla mdogo wako hajaiona.