MWUGUZI HASHINDANI NA MWUGUZI MWENZIWE

Miongoni mwa wasomaji wetu wapo wengi ambao mtoto wao, au ndugu yao mdogo, yumo katika chuo cha uuguzi. Wamejinyima ili ada ilipwe, na kila wapatapo habari kutoka chuoni hutaka kusikia neno moja tu: kwamba masomo yanakwenda vema. Aghalabu hilo ndilo waambiwalo. Lakini nyuma ya neno hilo mara nyingi lipo jambo lisilosemwa, nalo ni hofu. Mwanafunzi huamini moyoni mwake kwamba wenziwe wote wanajua, na kwamba yeye peke yake ndiye aliyeingia chuoni kwa bahati.

Hofu hiyo haizuki bure. Aliyekuwa wa kwanza katika shule yake hukuta darasa limejaa wale waliokuwa wa kwanza katika shule zao. Na kwa kuwa hapana budi mmoja awe wa mwisho, aliyezoea kusifiwa hujiona amegeuka mjinga kwa siku moja. Tena masomo yenyewe ni mazito. Kuna elimu ya viungo vya mwili na kazi zake, kuna elimu ya dawa na vipimo vyake, na juu ya hayo kuna zamu za wodini. Hapa Tanzania yote hayo hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Yupo msichana awezaye kumweleza mama, kwa Kiswahili kilicho safi, jinsi ya kumnywesha mtoto anayeharisha maji ya dawa ya chumvi na sukari, kidogo kidogo, kijiko baada ya kijiko. Lakini akiulizwa jambo hilo hilo katika karatasi ya mtihani, kalamu humgandia mkononi. Msichana huyo hakukosa akili. Amekosa maneno, na maneno hufundishika.

Wala si wanyonge tu wapatwao na hofu hii. Mwaka 1978 wataalamu wawili wa Marekani, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika habari za wanawake wenye elimu ya juu na sifa nyingi, ambao hata hivyo waliamini kwamba wamewahadaa watu na kwamba siku moja watafichuliwa. Vyeti vyao havikuwaondolea fikra hiyo. Basi na tujifunze kwamba moyo unaomwambia mtu kuwa hafai si shahidi wa kutegemewa. Shahidi wa kweli ni kazi yake.

Kutokana na hofu huzaliwa ugonjwa wa pili, ulio mbaya zaidi, nao ni choyo. Mwanafunzi hulificha daftari lake. Akipata maswali ya mitihani iliyopita huyasoma usiku peke yake. Na mwenziwe akikosea mbele ya mwalimu hushangilia kimoyomoyo. Twasema waziwazi kwamba tabia hii haimfai mwanafunzi yeyote, lakini kwa mwuguzi ni hatari. Uuguzi ni kazi ya kupokezana. Wa asubuhi humwachia mgonjwa yule wa jioni, na wa jioni humwachia yule wa usiku. Atokaye zamu humweleza aingiaye dawa zilizotolewa, zilizobaki, na dalili za kuangaliwa. Aliyezoea kuficha darasani atajifunza lini kueleza wodini? Na aonaye haya kuuliza leo atamwuliza nani saa nane za usiku, atakapotilia shaka kipimo cha dawa?

Wako watakaosema: maneno haya ni mazuri, lakini nafasi za kazi ni chache, na kila mtu hana budi kujitetea. Ni kweli kwamba wapo vijana waliofaulu na bado wanasubiri ajira. Lakini hebu tupime. Taarifa ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2020 ilikadiria kwamba mwaka 2018 dunia ilipungukiwa wauguzi milioni 5.9, na sehemu kubwa ya upungufu huo ilikuwa katika nchi maskini. Wagonjwa wanaomhitaji mwuguzi hawajapungua. Zinazopungua ni fedha za kumwajiri. Kuficha daftari hakuongezi fedha hizo hata senti moja. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 yataka mwuguzi aandikishwe na kupewa leseni na Baraza. Wala mgonjwa atakayelala mbele yake hatamwuliza alikuwa wa ngapi darasani. Atataka kujua kama sindano hii ndiyo yake.

Basi afanyeje mwanafunzi mwenye hofu? Kwanza, asome kwa kujiuliza. Wengi husoma ukurasa mmoja mara tano, wakadhani wameujua kwa sababu macho yameuzoea. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, wa chuo kikuu kimoja cha St. Louis, Marekani, walitangaza majaribio waliyoyafanya kwa wanafunzi. Waliorudia kusoma walikumbuka zaidi baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja walioshinda ni wale waliofunga kitabu na kujitahini wenyewe. Mtihani haufanywi baada ya dakika tano.

Pili, asome pamoja na wenziwe, watatu au wanne, kila mmoja akileta swali. Tuseme mgonjwa ameandikiwa dripu ya mililita 1000 iishe kwa saa 8, na mpira wake hutoa matone 20 kwa kila mililita. Matone yote ni 20,000, na saa 8 ni dakika 480. Basi ni matone 42 hivi kwa dakika. Atakayesahau kugeuza saa kuwa dakika atapata matone 2,500. Wenziwe watacheka, naye atacheka, wala hatasahau tena. Kosa hilo likifanyika mezani halimdhuru mtu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tatu, alale. Usiku wa kuamkia mtihani si wakati wa kujaza yaliyoachwa kwa miezi mitatu. Na kama usingizi na hamu ya chakula vimemtoka kwa majuma kadhaa, amwendee mshauri wa wanafunzi au daktari bila haya, kama ambavyo angemshauri mgonjwa wake.

Walimu nao wana sehemu yao. Kumfedhehesha mwanafunzi mbele ya wagonjwa hakumfundishi uuguzi. Humfundisha kuficha makosa, na kosa lililofichwa wodini laweza kuua. Nanyi wazazi, msiulize tu, “Umekuwa wa ngapi?” Ulizeni, “Umejifunza nini, na nani amekusaidia?” Mtoto akishindwa somo moja akatakiwa kulirudia, msimhesabu kuwa amepotea. Kulirudia somo mpaka akalijua ni heri kuliko kulipita kwa bahati.

Enyi wanafunzi wa uuguzi, mwenzako uliyekaa naye dawati moja si mpinzani wako. Huenda siku moja akawa ndiye anayekupokea zamu, au ndiye atakayemwuguza mama yako. Mfundishe leo unalolijua, umwulize usilolijua.