Hazina Ikibadili Neno, Gunia la Mpale Hubadili Bei

Kila mwezi Juni, Waziri wa Fedha anaposimama bungeni Dodoma kusoma bajeti, wenye maduka na wanunuzi wa mazao hujiuliza swali lile lile: tununue sasa au tusubiri? Kwa mwenye mtaji mdogo, jibu likikosewa ni faida ya msimu mzima.

Waziri huyu si mtunza sanduku tu. Kikatiba, Bunge halishughulikii muswada wa kutoza au kuongeza kodi ila kwa pendekezo la Rais linalowasilishwa na waziri. Aidha, Bunge likikataa kupitisha bajeti, Rais anaweza kulivunja. Ndiyo maana sehemu kubwa ya yanayosomwa Juni huanza kutozwa Julai 1.

WALIOPITA HAZINA

Wa kwanza alikuwa Sir Ernest Vasey, aliyewahi kushika wadhifa huo Kenya. Mwaka 1962 akafuata Paul Bomani, mtu wa ushirika wa pamba wa Kanda ya Ziwa. Amir Jamal aliingia 1965 na kurudi tena mara mbili baadaye. Ni wakati wake, Juni 1966, shilingi ya Tanzania ilipoanza kutumika, Edwin Mtei akiwa Gavana wa kwanza wa Benki Kuu.

Mtei naye alikuwa Waziri wa Fedha kuanzia 1977. Vita vya Uganda na bei ya mafuta vilimaliza akiba ya fedha za kigeni, na Shirika la Fedha la Kimataifa likataka shilingi ishushwe thamani kabla ya kutoa mkopo. Mwalimu Nyerere alikataa masharti hayo. Desemba 1979 Mtei akajiuzulu, na Jamal akarejea.

MKONGE NA SHILINGI

Mabishano hayo yaligusa Korogwe moja kwa moja. Mashamba ya mkonge kama Ngombezi na Hale yalitegemea soko la nje. Dola 100 za mkonge kwa kiwango cha shilingi 17 zilimpa muuzaji shilingi 1,700 tu; kwa shilingi 40 angepata 4,000. Nyuzi za viwandani ziliuumiza mkonge, lakini shilingi iliyopewa thamani kubwa kupita kiasi iliongeza maumivu.

Cleopa Msuya ndiye aliyeanza kulegeza. Bajeti ya Juni 1984 ilishusha shilingi hadi 17 kwa dola na kuwaruhusu wenye fedha zao nje kuagiza bidhaa, ambazo zilirudi madukani. Mwaka 1986 makubaliano na Shirika la Fedha yalifikiwa na dola ikapanda hadi shilingi 40. Bidhaa zilipatikana, lakini mshahara ulinunua kidogo.

USHURU NA TOZO

Kodi ya ongezeko la thamani ilianza Julai 1998 kwa asilimia 20, ikashushwa hadi 18 mwaka 2009. Kwa mkulima wa milimani Mpale, lililo kubwa zaidi lilitoka kwa Dk. Philip Mpango Juni 2017. Ushuru wa mazao ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula. Mzigo usiofika tani moja ukasamehewa unapovuka kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Kwa hesabu hiyo, gunia 9 za kilo 100 kutoka Mpale kwenda Handeni zilipita bila ushuru; gunia 15 zililipiwa.

Upande wa pili ni tozo ya miamala ya simu ya Julai 2021, shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala. Malalamiko yalikuwa makubwa, na Septemba mwaka huo huo ikapunguzwa kwa asilimia 30.

LA KUZINGATIA

Historia inaonyesha mambo matatu. Mosi, hotuba si sheria: soma Sheria ya Fedha inayopitishwa baada yake. Pili, tozo inayogusa wengi inaweza kurudishwa nyuma. Usifunge biashara kwa hofu ya wiki ya kwanza. Tatu, kiwango cha shilingi huweza kubadili bei kuliko kodi yenyewe, hasa kwa anayeuza mbolea, dawa za mashamba na vipuri. Mwenye deni la bidhaa za nje aanze na hesabu ya dola, ndipo afungue karatasi za bajeti.