Kaa Samawati wa Mikokoni: Viungo Vyake na Kazi Yake

Watu wengi wa Mtito Andei na wa nchi yote ya Ukambani wamepata kusafiri hadi Mombasa, lakini ni wachache walioshuka chini ya mikoko wakati wa maji kupwa na kuwatazama kaa wakaao katika matope. Yafaa tuwaeleze wasomaji wetu habari za mmoja wao, kwa sababu jina lake limetwaliwa katika Kiswahili, na kwa sababu maisha yake yamhusu hata mkulima aliye mbali na bahari.

Tangu mwaka 1869 mabingwa wa elimu ya wanyama walimjua kaa mdogo wa mikokoni aitwaye guttatum, mwenye magando mekundu. Mwaka 2004 mabingwa wawili, David Gillikin na Christoph Schubart, walieleza kwamba kando yake yuko mwingine katika mikoko ya Kenya, ambaye alikuwa akidhaniwa kuwa ni yeye yule. Walilinganisha rangi za uso na za magando, na vinundu vilivyopangwa juu ya kidole cha gando, kisha wakapima ile asili ya urithi iliyomo ndani ya mwili. Wakaona hakika kwamba ni kaa wa namna mbili. Huyo mpya wakamwita Perisesarma samawati, kwa ajili ya rangi ya uso wake. Baadaye alihamishiwa katika jamii ya Parasesarma, lakini jina la samawati amebaki nalo.

Sasa tutazame viungo vyake. Gamba la mgongoni lina umbo karibu la mraba, na macho yapo katika pembe za mbele, kila jicho juu ya kijiti chake. Ana jozi tano za miguu. Jozi ya kwanza ndiyo magando, ambayo kwayo hukata majani, huyapeleka kinywani, na hupigana. Jozi nne zilizobaki ni za kutembea na kupanda mizizi. Chakula chake husagwa mara ya pili ndani ya tumbo, kwa maana tumbo la kaa lina meno yake.

Ukimgeuza chali utaona mkia uliokunjwa chini ya kifua. Wa dume ni mwembamba kama pembetatu. Wa jike ni mpana na wa mviringo, kusudi uyafunike mayai. Hiyo ndiyo njia rahisi ya kuwatambua dume na jike.

Jambo la ajabu zaidi ni kupumua kwake. Kama samaki, kaa hupumua kwa matamvua, nayo hayafanyi kazi yakikauka. Basi awezaje kutembea nchi kavu? Huchukua maji kidogo katika vyumba vya matamvua. Maji hayo hutoka karibu na kinywa, hutiririka juu ya vinyweleo vilivyopangwa mashavuni mwa gamba kama wavu, hupata hewa mpya, kisha hurudi ndani kwa matundu yaliyo karibu na mashina ya miguu. Hivyo maji yale yale hutumika mara nyingi.

Gamba halikui. Kwa hiyo kaa hana budi kulivua, akajificha akiwa laini, mpaka jipya liwe gumu. Watoto wake nao si kama watoto wa kaa wa mtoni. Kaa wa mtoni huangua vikaa vilivyo kamili, lakini mayai ya kaa wa mikokoni huangua vidudu vidogo mno vinavyoelea baharini, na hubadilika umbo mara kadhaa kabla ya kurudi pwani.

Je, kaa kama hawa wana faida gani? Hula majani yaliyoanguka na huyaingiza mashimoni, na hivyo rutuba haichukuliwi yote na maji. Mashimo yao hupitisha hewa katika matope mazito, na mikoko husitawi. Nayo mikoko huzuia nguvu za mawimbi na huwalea samaki wachanga, ambao mvuvi atawavua wakiwa wakubwa.

Hapa ndipo mkulima wa bara anapohusika. Mto Athi, upitao kati ya Kitui na Makueni, ukiisha kuungana na Mto Tsavo huitwa Galana, na mwisho huitwa Sabaki, ukaingia baharini kaskazini ya Malindi ukiwa mwekundu kwa udongo. Mvua kubwa za 1997 na 1998 zilionyesha hatari ya jambo hili. Katika hori ya Mwache, karibu na Mombasa, ambayo hupokea maji ya mto mwingine, udongo mwingi uliifukia mizizi ya mikoko, na miti mingi ikafa. Mikoko ikifa, kaa hana kivuli wala chakula.

Basi mtu wa Makueni achimbaye matuta katika shamba lake, na kupanda majani kingoni ili yashike udongo, kwanza hujifaidi mwenyewe, kwa kuwa udongo uendao baharini ndio ule ungalimzalia mahindi na mbaazi. Tena humfaidi mvuvi asiyemjua, na kaa mdogo mwenye uso wa samawati.