Kompaila Moja, Lugha Nyingi



Wengi wetu tunakumbuka mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulipotoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Lugha iliongezwa bila kuandika programu nzima upya. Wanafunzi wetu hapa Kampala huuliza: je, lugha za kuandikia programu, kama Fortran na Ada, nazo huongezwa hivyo? Jibu ni ndiyo, ila kuna mtego.

Kompaila ni mfasiri: hugeuza maandishi ya mwanaprogramu kuwa amri za mashine. GCC, aliyoitoa Richard Stallman mwaka 1987, ilianza na lugha ya C peke yake. Leo ina sehemu za mbele kadhaa. Kila moja husoma lugha yake, hukagua sarufi, kisha huandika yote kwa lugha ya kati. Sehemu ya nyuma huitafsiri lugha hiyo ya kati kwa mashine husika.

Chukueni mfano wa mkutano wenye wasemaji wa Luganda, Kiacholi, Lugbara, Lumasaba na Runyankore, ambao taarifa yake itatolewa kwa lugha nne za kigeni. Tukifasiri moja kwa moja, tunahitaji wafasiri 20, mmoja kwa kila jozi. Tukipitia Kiswahili, wanatosha 9.

Sasa tuje kwenye meneja wa vifurushi, yaani programu inayosakinisha programu nyingine. Nix, iliyoanza Uholanzi mwaka 2003, na GNU Guix, iliyoanza mwaka 2012, hufuata kanuni ya fankisheni katika hisabati: viambato vilevile, matokeo yaleyale. Kila kifurushi hukaa katika folda yake, hivyo matoleo hayagongani. Katika maabara yenye kompyuta za kushirikiana, anayehitaji Fortran hamharibii kazi anayetumia C.

Kuongeza Fortran katika Guix ni kazi nyepesi. Mtaalamu huchukua maelekezo ya GCC yaliyopo, akabadilisha jina na orodha ya lugha. Mengine mengi hurithiwa.

Mtego uko kwenye Ada. Sehemu yake ya mbele imeandikwa kwa Ada yenyewe, kwa hiyo huwezi kuijenga bila kuwa na kompaila ya Ada tayari. Ni kuku na yai. Njia ya mkato ni kupakua iliyokwisha kujengwa na kuiamini tu. Lakini mwaka 1984 Ken Thompson alionyesha kwamba kompaila inaweza kubeba hila isiyoonekana popote katika maandishi yake.

Lugha ya D inatuonyesha njia ya kutoka. Tangu GCC 12 ya mwaka 2022, sehemu yake ya mbele huandikwa kwa D, lakini ile ya GCC 11 iliandikwa kwa C++. Basi hujengwa kwanza ya zamani, nayo ikajenga mpya. Kila ngazi inaonekana.

Hapo ndipo penye somo letu. Mwanafunzi anapotuletea istilahi mpya, tusiridhike kwamba inasikika vizuri. Tumwulize ameijenga kutoka wapi: kamusi gani, toleo gani, mzizi gani. Asipoweza kuonyesha ngazi zake, tumrudishie kazi.