FAMAKOLOJIA YA DAWA ZA USINGIZI ZINAZOPITISHWA KATIKA VENA: MAELEZO KWA KUZINGATIA MAZINGIRA YA SIRARI, WILAYA YA TARIME

Ikisiri

Makala hii inaeleza namna dawa za kutuliza na za kulaza usingizi zinazodungwa katika vena zinavyofanya kazi mwilini, na sababu za kuchagua mojawapo badala ya nyingine. Dawa zinazojadiliwa ni thiopentoni, propofoli, etomideti, ketamini, diazepamu na midazolamu. Maelezo yamejengwa juu ya mazingira ya Sirari, mji wa mpakani ambako mgonjwa wa dharura huweza kuhitaji upasuaji kabla ya kufikishwa katika hospitali kubwa. Hoja kuu ni kwamba usalama wa mgonjwa hautegemei jina la dawa pekee. Unategemea pia hali ya damu yake, kasi ya kudunga, ukokotoaji sahihi wa kipimo na uwezo wa mtoa huduma kulinda njia ya hewa.

1.0 Utangulizi

Sirari ni mji uliopo wilayani Tarime, mkoani Mara, katika mpaka wa Tanzania na Kenya. Upande wa pili wa mpaka upo mji wa Isebania. Barabara kuu itokayo hapo hupita Tarime mjini, huvuka Mto Mara katika Daraja la Kirumi na kuelekea Musoma na Mwanza. Barabara hiyo hupitisha malori, mabasi na pikipiki usiku na mchana. Kwa hiyo, wagonjwa wanaoweza kuhitaji upasuaji wa haraka ni pamoja na majeruhi wa ajali za barabarani, watu wenye majeraha ya kukatwa na kina mama ambao uchungu wa kuzaa umekwama.

Kwa mgonjwa wa namna hiyo, rufaa ya kwenda Musoma au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando jijini Mwanza ni safari ndefu. Ikiwa damu inaendelea kutoka, upasuaji hulazimika kufanyika karibu, mara nyingi na timu ndogo na vifaa vichache. Hapo ndipo ujuzi wa famakolojia unapokuwa suala la uhai. Dawa inayomlaza mgonjwa mwenye afya kwa salama inaweza kusimamisha moyo wa mgonjwa aliyepoteza damu nyingi, hata kama kipimo ni kilekile.

2.0 Namna dawa zinavyoleta usingizi

2.1 Utendaji katika ubongo

Dawa nyingi za kundi hili hufanya kazi kupitia kipokezi kiitwacho GABA-A. Kipokezi hiki kipo juu ya chembe za neva na kina mlango wa ioni za kloridi. Mlango ukifunguka, kloridi huingia ndani ya chembe na kuifanya isisisimke kwa urahisi. Thiopentoni, propofoli, etomideti, diazepamu na midazolamu huongeza utendaji wa kipokezi hicho. Matokeo yake ni utulivu, kisha usingizi, na kipimo kikizidi, kukoma kwa pumzi.

Ketamini hufuata njia nyingine. Huzuia kipokezi cha NMDA, ambacho kwa kawaida hupokea ishara za kusisimua kutoka kwa glutamati. Ndiyo maana usingizi wake una sura ya pekee: mgonjwa huweza kuwa na macho wazi yanayochezacheza, na pengine hutikisa mkono, lakini hasikii maumivu na hatambui yanayotendeka. Aidha, ketamini huondoa maumivu kwa nguvu, sifa ambayo thiopentoni, propofoli na etomideti hazina.

2.2 Safari ya dawa mwilini

Ubongo ni takribani asilimia 2 tu ya uzani wa mwili, lakini hupokea karibu asilimia 15 ya damu inayosukumwa na moyo. Kwa sababu dawa hizi huyeyuka katika mafuta, huingia ubongoni haraka, na mgonjwa hulala ndani ya nusu dakika hadi dakika moja.

Kuamka kwake baada ya dozi moja hakutokani hasa na dawa kuvunjwavunjwa na ini. Hutokana na dawa kuhama kutoka ubongoni kwenda katika misuli, na baadaye katika mafuta ya mwili. Mfano mzuri ni thiopentoni. Mgonjwa huamka baada ya dakika 5 hadi 10, ilhali nusuuhai ya dawa hiyo katika mwili ni takribani saa 11. Dozi zikirudiwarudiwa, misuli na mafuta hujaa, na mgonjwa huendelea kulala kwa saa nyingi baada ya upasuaji kwisha. Katika kituo chenye wauguzi wachache wa usiku, hilo ni hatari iliyo wazi.

3.0 Sifa za dawa mojamoja

3.1 Thiopentoni

Thiopentoni ilianza kutumiwa kwa binadamu mwaka 1934 nchini Marekani, katika kazi za Ralph Waters na John Lundy. Kipimo chake cha kawaida kwa mtu mzima ni miligramu 3 hadi 5 kwa kila kilo ya uzani. Huzuia degedege na hupunguza shinikizo ndani ya fuvu. Hata hivyo, hushusha shinikizo la damu, hukandamiza upumuaji na haifai kwa mwenye ugonjwa wa pofiria. Mchanganyiko wake una ualikali mkali. Ukipita nje ya vena huunguza tishu, na ukiingia katika ateri kwa makosa unaweza kusababisha kidole au mkono kufa.

3.2 Propofoli

Propofoli ilitokana na utafiti wa kampuni ya ICI ya Uingereza, ulioongozwa na John Glen. Umbo lake la kwanza liliachwa kwa sababu ya kiyeyushi kilichosababisha mzio. Umbo la sasa, linalofanana na maziwa, liliingia sokoni mwaka 1986 likiwa na mafuta ya soya na lesithini ya yai. Kipimo ni miligramu 1.5 hadi 2.5 kwa kilo. Mgonjwa huamka akiwa na akili timamu na kichefuchefu kidogo. Kasoro zake ni kushuka kwa shinikizo la damu, kusimama kwa pumzi na maumivu wakati wa kudunga. Zaidi ya hayo, mafuta yake ni chakula cha bakteria. Kichupa kilichofunguliwa hakipaswi kuhifadhiwa kwa ajili ya mgonjwa wa kesho, hata pale dawa inapokuwa adimu.

3.3 Etomideti

Etomideti hutolewa kwa miligramu 0.2 hadi 0.3 kwa kilo. Ubora wake mkuu ni kwamba haivurugi sana moyo wala shinikizo la damu. Udhaifu wake ni kuzuia kimeng'enya kinachohitajika katika kutengeneza kotisoli ndani ya tezi za adrenali. Kwa sababu hiyo haitumiwi kwa kumlaza mgonjwa mfululizo kwa muda mrefu.

3.4 Ketamini

Ketamini ilisanisiwa mwaka 1962 na Calvin Stevens, na ilitolewa kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1964 chini ya Edward Domino na Guenter Corssen. Marekani iliidhinisha matumizi yake mwaka 1970, na imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kipimo chake katika vena ni miligramu 1 hadi 2 kwa kilo. Huweza pia kudungwa katika msuli kwa kipimo kikubwa zaidi pale vena inapokosekana.

Ketamini huamsha mfumo wa neva wa simpathetiki, hivyo huongeza mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Hutanua mirija ya mapafu, jambo linaloifanya ifae kwa mwenye pumu. Upumuaji huendelea kwa kawaida, isipokuwa dawa inapodungwa kwa kasi au kwa wingi. Kasoro zake ni kuongeza mate na kuleta ndoto za kutisha wakati wa kuamka. Atropini hupunguza mate, na dozi ndogo ya midazolamu hupunguza ndoto hizo. Inafaa pia ndugu wa mgonjwa waelezwe mapema kwamba maneno ya ajabu atakayotamka akiamka yanatokana na dawa na yatapita.

3.5 Diazepamu na midazolamu

Dawa hizi mbili hutuliza, huondoa hofu, huzuia degedege na kumfanya mgonjwa asikumbuke yaliyotendeka. Midazolamu huyeyuka katika maji, hivyo haiumizi vena kama diazepamu, na muda wake wa kufanya kazi ni mfupi zaidi. Flumazenili huweza kutengua athari zake. Mtoa huduma anapaswa kuuliza kuhusu dawa nyingine anazotumia mgonjwa. Ritonaviri, inayotumika katika baadhi ya tiba za virusi vya UKIMWI, huzuia ini kuvunja midazolamu, na usingizi wake huwa mzito na mrefu kupita kiasi.

4.0 Mgonjwa aliyepoteza damu

Mabadiliko mawili hutokea kwa majeruhi aliyetokwa na damu nyingi. Kwanza, mwili huelekeza damu iliyobaki katika ubongo na moyo, huku misuli na ngozi zikinyimwa. Sehemu kubwa ya dozi hufika ubongoni, na mahali pa dawa kuhamia hupungua. Kwa hiyo dozi ndogo huleta athari kubwa na ya muda mrefu. Pili, mzunguko wa damu huwa wa polepole, na dawa huchelewa kufika. Mtoa huduma asiyelijua jambo hili huona mgonjwa hajalala baada ya nusu dakika, huongeza dozi ya pili, kisha dozi zote mbili humfikia mgonjwa kwa pamoja.

Inafuata kwamba dozi ipunguzwe, idungwe polepole, na athari yake isubiriwe. Ketamini hupendelewa kwa mgonjwa huyu kwa sababu hudumisha shinikizo la damu. Hata hivyo, ketamini yenyewe hudhoofisha misuli ya moyo, na kinachoficha udhaifu huo ni homoni zinazomiminwa na mfumo wa simpathetiki. Mgonjwa aliyekaa na mshtuko kwa saa nyingi amekwisha kutumia akiba ya homoni hizo, na shinikizo lake huweza kuporomoka hata kwa ketamini. Kurejesha ujazo wa damu kwa maji ya dripu na damu ni sehemu ya maandalizi ya usingizi, si kazi ya kuachiwa baadaye.

5.0 Mama mjamzito

Mfano wa mama mjamzito unaonesha kwamba hakuna dawa iliyo bora kwa wote. Mama anayetokwa na damu kabla ya kujifungua hufaidika na ketamini, kwa kipimo cha karibu miligramu 1 kwa kilo. Kipimo kikizidi miligramu 2 kwa kilo, mtoto huweza kuzaliwa akiwa amelegea na asipumue vizuri. Lakini mama mwenye kifafa cha mimba tayari ana shinikizo kubwa la damu, na ketamini huweza kulipandisha zaidi hadi mshipa wa ubongo ukapasuka. Ikiwa mama huyo analazimika kupewa nusukaputi, thiopentoni au propofoli hufaa zaidi. Wote wawili wanahesabiwa kuwa na tumbo lililojaa. Ketamini haihakikishi kwamba matapishi hayataingia mapafuni, hata kama mgonjwa anaonekana kumeza.

6.0 Kipimo, kichupa na mpaka

Ketamini hutengenezwa kwa ukolezi wa miligramu 10, 50 au 100 kwa kila mililita. Mgonjwa wa kilo 60 anayestahili miligramu 1.5 kwa kilo anahitaji miligramu 90. Kwa kichupa cha ukolezi wa 10, hizo ni mililita 9. Kwa cha 50 ni mililita 1.8, na kwa cha 100 ni mililita 0.9. Aliyezoea kuvuta mililita 9, akitumia kichupa cha 50 bila kusoma lebo, atamdunga mgonjwa miligramu 450, yaani mara tano ya kipimo. Mahali ambapo dawa zaweza kutoka kwa watengenezaji tofauti, kazoea ya mkono si kipimo. Lebo isomwe kwa sauti mbele ya mtu wa pili, na bomba la sindano liandikwe jina la dawa na ukolezi wake.

Upande wa Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulichambua upasuaji 193 uliofanyika kwa ketamini pale ambapo mtaalamu wa usingizi hakupatikana. Watoa huduma hao walipewa kifurushi maalumu cha mafunzo na vifaa, hawakupewa dawa peke yake. Funzo kwa mazingira kama ya Sirari ni kwamba kichupa kiandamane na oksijeni, mfuko na barakoa ya kupumulishia, mashine ya kufyonza mate, kipima oksijeni cha kidoleni na mtu asiye na kazi nyingine ila kumwangalia mgonjwa.

7.0 Hitimisho

Makala imebainisha kwamba dawa za usingizi za vena hutofautiana katika vipokezi zinavyovigusa na katika athari zake kwa moyo na pumzi, ingawa nyingi hufanana katika kuanza haraka na kuisha kwa kuhama kutoka ubongoni. Ketamini inastahili nafasi ya kwanza kwa majeruhi na kwa mama anayetokwa na damu, lakini si kwa mwenye kifafa cha mimba. Thiopentoni na propofoli zinafaa kwa mgonjwa mwenye damu ya kutosha, na ni hatari kwa aliyeishiwa. Inapendekezwa kwamba kila chumba cha upasuaji kiwe na jedwali la vipimo kwa uzani na kwa ukolezi wa vichupa vilivyopo, liandikwe kwa Kiswahili, libandikwe ukutani, na lisahihishwe kila shehena mpya ya dawa inapopokewa.