Kijana Mwerevu Asiyeweza Kusoma

Mwaka jana nilimwadhibu kijana mmoja wa Kidato cha Kwanza, na mpaka leo adhabu ile yanisumbua. Nilimsimamisha asome ukurasa mmoja wa kitabu cha Kiingereza. Akaitazama karatasi, akakohoa, akasoma neno la kwanza, kisha yaliyofuata akayabuni. Darasa likacheka. Nikamwita mvivu, nikamtoa nje akafyeke majani. Jioni mwalimu wa hesabu akaniuliza, "Yule? Mbona ndiye awapitaye wote kwa hesabu za kichwa!" Ndipo nikaanza kutafuta sababu.

Shida yake yaitwa disleksia. Si ugonjwa wa macho, wala si upungufu wa akili. Asomaye hana budi kuziunganisha herufi na sauti zake upesi, pasipo kufikiri; mtu mwenye disleksia hulifanya tendo hilo kwa taabu, hata akiwa hodari katika mambo mengine. Huzaliwa nayo, na mara nyingi ukiuliza utasikia kwamba baba au mjomba naye alisumbuka vivyo hivyo.

Habari hii si ngeni. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan wa mji wa Seaford, aliandika habari za mvulana wa miaka 14 aliyeitwa Percy. Macho yake yalikuwa mazima, naye alifundishwa kusoma tangu utoto, lakini hata jina lake aliliandika "Precy". Tarakimu alizisoma bila shida. Mwalimu wake alisema kwamba, kama masomo yote yangekuwa ya mdomo tu, Percy angekuwa mwerevu kuliko wote shuleni.

Mzazi mmoja aliniuliza, "Basi mwanangu alifauluje darasa la saba?" Jawabu limo katika lugha. Kiswahili huandikwa kama kisemwavyo. "A" ni "a" popote uionapo. Mtoto hujikokota silabi kwa silabi, lakini mwishowe hufika. Kiingereza hakina huruma hiyo. Tazama "though", "through" na "cough": herufi nne za mwisho ni zile zile, sauti ni mbalimbali. Mwaka 2001 wataalamu walitoa habari za kuwapima watu wenye disleksia wa Italia, Ufaransa na Uingereza. Ubongo wa wote ulionyesha udhaifu mahali pale pale, lakini Waitalia walisoma vizuri kuliko wenzao, kwa kuwa lugha yao nayo huandikwa kama isemwavyo. Kwa hiyo mtoto wetu aingiapo sekondari, ambako vitabu karibu vyote ni vya Kiingereza, shida iliyojificha miaka saba hutokeza ghafula, nasi twadhani ameanza utundu.

Hakuna dawa ya kunywa. Kinachosaidia ni kufundishwa sauti moja moja kwa utaratibu, akiandika herufi huku akiitamka, na kurudia mara nyingi kuliko wenzake. Darasani asisomeshwe kwa ghafula mbele ya watu. Apewe ukurasa tangu jana. Asomewe maswali, aongezewe muda, na katika Historia ahesabiwe anayoyajua, si tahajia yake. Nyumbani mzazi asome naye kidogo kila siku, kwa sauti ya upole. Mwalimu mwenzangu husema huo ni upendeleo. Mimi sijapata kumwona akimvua mtu miwani wakati wa mtihani.

Nanyi wanafunzi mliocheka siku ile, sikuwalaumu, maana mimi ndimi niliyewafungulia mlango.

Kijana yule nilimwomba radhi mbele ya darasa lile lile. Sasa huja kwangu kila Jumanne na Alhamisi baada ya masomo, akaweka rula chini ya mstari, tukasoma. Juzi alimaliza kurasa mbili pasipo kubuni hata neno moja. "Because" bado huliandika kwa namna tatu katika insha moja.