Je, Wajua? Tangazo la ndege lilimtoa kwenye uhasibu

Pretty Yende wa Piet Retief, Afrika Kusini, alikuwa na miaka 16 na ndoto ya kuwa mhasibu. Siku moja runinga ikarusha tangazo la shirika la ndege. Sauti mbili za kike zikapanda pamoja, sekunde chache tu. Kesho yake akamuuliza mwalimu ule ni muziki gani. Opera, akajibiwa. Uhasibu ukaishia hapo!

Alisomea uimbaji Cape Town, kisha Milan.

Mwaka 2013 aliingia kwa mara ya kwanza jukwaa la Metropolitan Opera, New York. Akajikwaa kwenye ngazi, akaanguka. Akainuka, akaimba, akashangiliwa.

Mei 6, 2023, Mfalme Charles III alipotawazwa, Yende aliimba Westminster Abbey akiwa ndani ya gauni la manjano.